Tanki la choo: linavuja au linatoka jasho?

MTANGAZAJI: Huenda una ndugu aliyetoka kambini akapanga chumba Jinja au Mbale, chenye choo cha kuvuta maji. Siku moja sakafu inalowa chini ya tanki. Mwenye nyumba anasema mpangaji amelivunja, alipe. Kabla hajalipa, kuna la kuchunguza.

Unajua turubai linavyodondosha maji alfajiri hata kama mvua haikunyesha. Mvuke wa pumzi zenu umegusa plastiki ya baridi ukawa matone. Tanki nalo ni hivyo hivyo. Maji baridi yakiingia, kuta zake hupoa, na mvuke wa bafuni hutua juu yake, hasa mtu akioga maji ya moto mlango umefungwa.

Mbale hupata maji ya mito inayoshuka Mlima Elgon, kama Manafwa na Nabiyonga. Jinja hutumia maji ya Ziwa Victoria, ambayo kwa kawaida hayana baridi sana. Kwa hiyo tanki la Jinja likilowesha sakafu, mimi ningeshuku kwanza kwamba linavuja.

Kupima ni rahisi. Kausha tanki kwa kitambaa, nje na chini. Fungua kifuniko, tia ndani rangi ya chakula, au chai ya rangi iliyokolea sana. Usivute maji kwa nusu saa. Kisha pangusa chini ya tanki kwa karatasi nyeupe. Karatasi ikipata rangi, tanki lina ufa au mpira wa kwenye skrubu umechoka: fundi bomba aitwe. Maji yakiwa safi, yaelekea hilo ni jasho, si tanki lililovunjwa.

Halafu tazama bakuli la choo. Rangi ikiwa imefika humo, mpira wa kuziba ndani ya tanki haukazi. Hili watu hulipuuza, na ndilo linaloongeza bili. Tena ndilo linalofanya jasho lisikome, kwa sababu maji mapya ya baridi huingia usiku kucha. Tanki lililotulia hupata joto la chumba na kukauka lenyewe. Mpira huo hubadilishwa bila kung'oa tanki.

Kama ni jasho tu, dirisha libaki wazi baada ya kuoga na sakafu ipanguswe, maana vigae vyenye maji huangusha wazee na watoto.

Ukimpigia ndugu yako, mwambie apime mwenye nyumba akiwapo, aione karatasi kwa macho yake.