Laini huru za simu: tuliyoyaona ufukoni mwa Ziwa Mweru

Katika zoezi la tafsiri la muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alikutana na habari za kadi za simu zisizofungwa kwenye kampuni moja, akaandika "kadi zisizo na mbebaji". Darasa lilicheka, naye akajitetea kwamba kamusi ndiyo iliyomwambia hivyo. Sikumkata alama nyingi. Kosa halikuwa la kamusi peke yake. Mwanafunzi hakuwa anakijua kitu chenyewe, na ni vigumu kukipa jina zuri kitu usichokijua. Makala haya yanajaribu kukieleza, na mfano wangu nautoa mahali ambapo wasomaji wengi wa jarida letu hawajafika: Nchelenge, katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia.

Nilikwenda huko kusikiliza lugha. Ziwa Mweru limegawanywa na mpaka: upande wa mashariki ni Zambia, upande wa magharibi ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ng'ambo kuna mji uitwao Kilwa (msomaji asiuchanganye na Kilwa yetu ya pwani), na kaskazini, pale mto Luvua unapotoka ziwani, kuna Pweto. Upande wa Zambia watu huzungumza Kibemba na lugha nyingine za huko. Hata hivyo, katika soko la Kashikishi, lililo jirani kabisa na Nchelenge, mtu wa Afrika Mashariki hupata nafuu ya masikio, kwa kuwa wavuvi na wachuuzi wanaovuka kutoka Kongo huja na Kiswahili chao cha Katanga.

Mama mmoja muuza chisense, yaani dagaa wa ziwa hilo, ndiye aliyenipa somo ambalo sikulifuata. Alikuwa na simu moja ya kitochi na laini tatu. Moja ilikuwa ndani ya simu. Mbili zilifungwa kwenye pindo la chitenge chake. Nilipomwuliza za nini zote hizo, alinijibu: "Mu hii kuko feza, mu ile kuko bandugu." Yaani kwenye laini ya Zambia zimo fedha zake, na kwenye ile ya Kongo wamo ndugu zake. Ya tatu, alisema, ni ya siku ambazo hizo mbili hazishiki mtandao. Kila alipotaka kuongea na watu wa ng'ambo alifungua simu kwa ukucha, akatoa betri, akabadilisha.

Siku yangu ya tatu pale, ile laini ya fedha ilidondoka mchangani katikati ya magamba ya samaki, na hatukuiona tena. Mnunuzi kutoka Ukanda wa Shaba alikuwa ameshatuma malipo ya magunia sita kwenye namba ile. Mwenye mtumbwi aliyeleta mzigo alikuwa amekaa ukingoni mwa chombo chake, akisubiri chake.

Tuanze basi na kipande chenyewe cha plastiki. Kadi ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, kwa ajili ya kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland. Ndani yake mna vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni namba ya utambulisho, kwa kawaida yenye tarakimu 15. Hii si ile namba unayompa rafiki yako akupigie. Wengi wetu tutakufa bila kuiona. Tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi: 645 ni Zambia, 630 ni Kongo, 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya. Zinazofuata hutaja kampuni. Cha pili ni ufunguo wa siri, ambao nakala yake nyingine iko kwenye mitambo ya kampuni hiyo tu. Simu inapowashwa, mtandao hutega kitendawili. Kadi hukitegua kwa kutumia ufunguo wake na kurudisha jibu, bila kuutoa ufunguo nje. Jibu likilingana na lile lililokokotolewa na mitambo, mlango hufunguliwa.

Kwa maelezo haya utaona kwa nini yule mama alihitaji laini mbili hata kama angechagua kampuni yenye jina lilelile pande zote za ziwa. Airtel, kwa mfano, ipo Zambia na ipo Kongo. Lakini kadi inayoanza na 645 na ile inayoanza na 630 ni za mitambo miwili, leseni mbili na sarafu mbili. Ukivuka na moja unakuwa mgeni, na mgeni hulipa. Wakati mwingine hulipa bila hata kuvuka: mawimbi ya redio husafiri mbali juu ya maji, kwa kuwa hakuna mlima wala msitu wa kuyazuia, na mnara wa kawaida wa GSM unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35 hivi. Mimi mwenyewe nililala nikiwa na salio la kutosha kampuni yangu, nikaamka simu imejiunga na mtandao wa ng'ambo na salio limekwisha. Nilipouliza, niliambiwa nilipaswa kuzima huduma hiyo kabla ya kusafiri.

Jambo la kuchekesha katika historia hii ni kwamba kadi ilibuniwa iwe inatoka kwenye simu ili mtu aweze kubadilisha simu bila kupoteza namba yake. Ikamfungua mtu na simu, ikamfunga na kampuni.

Laini huru ni ile ambayo utambulisho na ufunguo wake havimilikiwi na kampuni moja yenye minara. Mwaka 2014 Uholanzi ilikuwa nchi ya kwanza kubadilisha kanuni zake ili hata mashirika yasiyo kampuni za simu yaweze kupewa namba za utambulisho na kutoa kadi zao yenyewe. Waliolitaka jambo hili si wapiga soga. Fikiria shirika la umeme lenye mita nyingi zinazotuma taarifa kwa mtandao wa simu. Likitaka kuhama kampuni, litume mafundi nyumba kwa nyumba kubadilisha kadi? Likiwa na kadi zake, hubadilisha mkataba tu, na mita zikaanza kupitia minara ya kampuni nyingine usiku uleule.

Mwaka huohuo Apple ilitoa kadi yake pamoja na iPad Air 2: mwenye kifaa aliona majina ya kampuni kwenye kioo, akachagua moja, na baadaye angeweza kuchagua nyingine. Kule Marekani, hata hivyo, aliyechagua AT&T alikuta kadi yake imefungwa kwa AT&T. Kisha mwaka 2016 shirika la GSMA, linalounganisha kampuni za simu duniani, lilitoa viwango vya laini ya kupachikwa kwa simu za watu wa kawaida, ile iitwayo eSIM. Hii haitoki kabisa. Ni chipu iliyomo ndani ya simu, na utambulisho hupakuliwa kupitia intaneti. Simu za iPhone 14 zilizouzwa Marekani mwaka 2022 hazikuwa hata na tundu la kadi.

Hapa naomba msomaji awe makini, maana hata magazeti huchanganya. Laini ya kupachikwa si lazima iwe laini huru. Unachopakua bado kinatolewa na kampuni, na ufunguo bado ni wake. Tofauti ni kwamba kuhama kumekuwa rahisi, na urahisi huo ndio unaozikosesha kampuni usingizi. Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza madai kwamba kampuni kubwa zilikuwa zikitumia viwango vya GSMA kumzuia mteja asihame. Mwaka 2019 GSMA ilikubali kubadilisha namna ya kutunga viwango hivyo.

Afrika Mashariki tulikuwa na vita vyetu, na kwa maoni yangu vinafundisha zaidi. Aprili 2014 mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ilitoa leseni kwa kampuni tatu zisizo na minara, mojawapo ikiwa Finserve ya Benki ya Equity, ambayo ilikodi mtandao wa Airtel. Equity ilikuja na kadi nyembamba kama utando, inayobandikwa juu ya kadi ambayo mteja anayo tayari. Mteja wa Safaricom hakutakiwa kuiacha Safaricom wala kununua simu ya laini mbili, alibandika tu. Safaricom ilipinga, ikisema utando huo ungehatarisha usalama wa M-Pesa. Mamlaka iliruhusu kwa majaribio ya mwaka mmoja, na kesi iliyofunguliwa Mahakama Kuu kupinga jambo hilo ilitupwa mwaka 2015. Hofu ya usalama haikuwa ya kubuni, kwani kitu kinachokaa kati ya simu na kadi kweli hupitiwa na kila ujumbe. Lakini kama ingekuwa ni usalama tu, sidhani kelele zingekuwa kubwa kiasi kile.

Kampuni inapopoteza umiliki wa laini hubaki kuwa mwenye barabara. Anayemjua mteja, anayempangia bei na anayempigia siku ya malalamiko ni mwingine. Yeye huuza njia kwa jumla. Malipo ya mgeni anayevuka mpaka, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa faida nono, ndiyo huanza kuyeyuka. Kwamba malipo hayo hayakuwa amri ya Mungu lilijulikana zamani: Septemba 2006 Celtel iliwaondolea wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania gharama za kuvuka mipaka, na mwaka 2007 ikaongeza Gabon na Kongo zote mbili. Celtel ikawa Zain, na mwaka 2010 biashara yake kubwa barani ikanunuliwa na Bharti Airtel.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza baada ya kusafiri katika mkoa ule. Mnara hujengwa na anayetarajia wateja watakaobaki. Ukienda kaskazini ya Nchelenge kuelekea Chiengi, vijiji vinaachana. Kama kila laini inaweza kuhamia popote kwa kubonyeza, nani ataweka fedha zake kwenye mlima ambao hauna watu wengi? Uholanzi ni nchi ndogo, tambarare, yenye minara kila upande; haikulazimika kujiuliza hivyo.

Kilichonibadilisha mawazo zaidi, lakini, ni kauli ya yule mama kwamba kwenye laini zimo fedha. Kenya iliruhusu mtu kuhama kampuni na namba yake mwaka 2011, na Tanzania mwaka 2017. Kenya waliohama hawakuwa wengi kama ilivyotazamiwa, kwa sababu namba ilihama lakini M-Pesa haikuhama nayo. Pochi ndiyo kufuli. Tena kuna usajili. Nchini Zambia laini husajiliwa kwa kitambulisho, na mwanzoni mwa mwaka 2014 zile ambazo hazikusajiliwa zilizimwa. Katika wilaya hiyohiyo ya Nchelenge iko kambi ya Mantapala, iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakijua Kiswahili. Kwa mtu aliyekimbia bila karatasi, suala la laini kuwa huru au kufungwa huja baadaye sana. Kwanza aandikwe jina.

Na jina ndilo lililomkwamisha mama yetu. Wakala alikuwa tayari kumpa laini mpya yenye namba ileile, lakini ile iliyopotea ilisajiliwa kwa jina la mpwa wake, naye alikuwa Ndola. Laini huru isingemsaidia hapo. Ya kupachikwa ndiyo kabisa, maana simu yake ni ya kitochi. Siku ya nne mpwa alifika kwa basi na kitambulisho chake. Fedha zilikuwa zote. Ila mwenye mtumbwi hakusubiri siku nne: alikuwa ameshabeba gunia moja la chisense kama malipo yake, na kwa hesabu za mama gunia hilo lilizidi deni.

Tukirudi darasani, mimi na wanafunzi tumekubaliana kwa sasa kutumia "laini huru", na "laini ya kupachikwa" kwa ile iliyomo ndani ya simu. Nilipendelea "laini" kuliko "kadi" kwa kuwa ndilo neno la watu Tanzania na Kenya, na halitalazimika kubadilika plastiki itakapotoweka. Wakongo wa Kashikishi wao husema "puce", kwa Kifaransa, na walinicheka niliposema laini. Msomaji mwenye istilahi bora aiandike na kuiacha ofisi ya idara kabla ya toleo lijalo.