Kompyuta ya mwanafunzi wa usanifu: Wazazi Kibondo, Kasulu wajue nini kabla ya kununua

KILA mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu kutangazwa, baadhi ya familia za wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, hukabiliwa na gharama ambayo haimo katika ada wala nauli. Kijana aliyechaguliwa kusomea usanifu majengo, usanifu michoro au uhandisi anahitaji kompyuta mpakato, ambayo wengi huiita laptopu, tena anasisitiza kuwa lazima iwe yenye nguvu.

Kwa familia inayotegemea maharage, mahindi, mihogo au kahawa, fedha hiyo huweza kuwa mavuno ya msimu mzima, na wakati mwingine ni ng'ombe aliyekuwa akitunzwa kwa shughuli nyingine kabisa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB) una kipengele cha vitabu na viandikwa na kile cha mahitaji maalumu ya kitivo, lakini fedha hizo hutolewa kwa awamu na si kila mwanafunzi hupata vipengele vyote. Hivyo mzigo hubaki kwa mzazi. Kompyuta ikinunuliwa vibaya, ya pili haipo.

Tatizo huanzia kwenye neno lenyewe "nguvu". Muuzaji hulitumia kumaanisha bei, mwanafunzi hulitumia kumaanisha ile aliyoiona kwa mwenzake, na mzazi hana kipimo chochote. Ukweli ni kwamba kazi za usanifu hazifanani. Mchoro wa ramani ya nyumba katika AutoCAD, uliochorwa kwa mistari mitupu, hauhitaji mashine kubwa. Programu ya Revit, inayotumiwa kujenga jengo zima ndani ya kompyuta, hudai prosesa yenye kasi na kumbukumbu kubwa. Blender, 3ds Max na Lumion, ambazo hutoa picha za jengo likiwa na mwanga na vivuli vyake, huielemea kadi ya michoro. Mwanafunzi wa usanifu michoro anayetengeneza vitabu na mabango anahitaji zaidi kioo chenye rangi za kweli kuliko prosesa ya kutisha.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza linapaswa kwenda chuoni kabla ya kufika dukani: katika mwaka wa pili na wa tatu, kozi hii hutumia programu zipi? Chuo Kikuu Ardhi na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kila kimoja kina mitaala yake, na mwanafunzi aliyetangulia mwaka mmoja huweza kulijibu swali hilo kwa simu ya dakika tano.

Mtego wa 'Core i7'

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na kusambaa hadi mikoani ni zile zilizotumika nje ya nchi. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Ubaya upo kwenye kibandiko. Mnunuzi akiona maandishi ya Core i7 huamini kuwa amepata bora kuliko Core i5, na muuzaji hana haraka ya kumsahihisha.

Mfano halisi utafafanua. Prosesa ya Core i7-4600U ni ya mwaka 2013 na ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Core i5-8250U ya mwaka 2017 ina vinne. Ya pili, licha ya jina lake dogo, huiacha mbali ya kwanza. Siri iko kwenye namba inayofuata kistari: tarakimu ya kwanza hutaja kizazi, hivyo 4600 ni kizazi cha nne na 8250 ni cha nane. Namba ikianza na 1, husomwa tarakimu mbili, kwa maana kwamba i7-10750H ni kizazi cha kumi na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Herufi ya mwisho nayo husema jambo: U ni prosesa iliyobanwa ili itumie umeme kidogo, na H ni ile iliyoachiwa ifanye kazi nzito.

Kizazi cha nane ndicho mpaka ambao mnunuzi hapaswi kushuka chini yake. Kampuni ya Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 iliyoirithi, ukiondoa prosesa chache, haizikubali rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi hicho. Mashine ya kizazi cha nne au cha sita itawaka, itafungua mafaili, na hata kuchora. Hata hivyo, mwanafunzi atakayemaliza masomo miaka minne au mitano ijayo atakuwa anakokota mashine ambayo programu mpya zinaikataa.

Kwa upande wa kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, gigabaiti 8 zilizotosha miaka iliyopita sasa ni kidogo. Autodesk, kampuni inayotengeneza Revit, huweka gigabaiti 16 kuwa kiwango cha kuanzia cha programu hiyo. Mwanafunzi wa picha za pande tatu atafurahi zaidi akiwa na 32. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili mnemba, hivyo ule ushauri wa zamani wa kununua ndogo na kuongeza baadaye una gharama zake. Ikibidi kuufuata, mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba kumbukumbu ya mashine hiyo hubadilishwa, maana kompyuta nyingi nyembamba huwa na kumbukumbu iliyochomelewa moja kwa moja. Diski iwe ya SSD, si ile yenye sahani zinazozunguka. Hapa hakuna mjadala.

Kadi ya michoro ndiyo sehemu inayodanganyiwa watu kwa urahisi zaidi. Kompyuta isiyo na kadi yake hukopa sehemu ya RAM, na baadhi ya wauzaji huihesabu sehemu hiyo ya kuazima na kutangaza kuwa mashine ina "grafiksi za GB 8". Mnunuzi anaweza kubaini hapo hapo kaunta: abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, afungue ukurasa wa utendaji, na atazame jina la prosesa, kiasi cha RAM na jina la kadi ya michoro. Kama linaonekana jina la Intel pekee na hakuna Nvidia wala AMD, hiyo ni kadi ya kuazima. Kwa AutoCAD inatosha. Kwa Lumion haitoshi.

Umeme wa nyumbani

Jambo lisilozungumzwa na wauzaji wa Dar es Salaam ni namna mashine hiyo itakavyoishi likizo itakapofika na mwanafunzi kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kurudi nyumbani. Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu iliwashwa kwa majenereta ya dizeli ya Tanesco, hadi ilipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022. Hali imekuwa nafuu mjini. Vijijini zipo kaya zinazoendelea kutegemea sola.

Hesabu yake ni nyepesi. Kompyuta ya kawaida huja na chaja ya wati 45 au 65. Zile zenye kadi kubwa ya michoro, zikiwamo za michezo, huja na chaja za wati 130 hadi 240. Mwanafunzi akifanya kazi nzito kwa saa nne kwa chaja ya wati 180, anaweza kuhitaji wati-saa 720. Paneli ya sola ya wati 50, ile inayowasha taa na kuchaji simu, haivuki wati-saa 250 hata ikipata saa tano za jua kali. Kwa maneno mengine, mashine ambayo ni fahari hosteli huweza kuwa sanduku tupu kijijini, maana betri zake nazo hazikai muda mrefu inapofanya kazi nzito.

Hali ya hewa ya nyanda za juu za Buha ni neema kwa kompyuta, kwa kuwa baridi husaidia kuipoza. Vumbi jekundu la kiangazi ndilo adui, kwani huziba feni na kuifanya mashine ipate joto na kupunguza kasi yenyewe. Kusafishwa ndani mara moja kwa mwaka si anasa. Msimu wa mvua huja na radi, na chaja iliyochomekwa ukutani wakati wa radi huweza kuondoka na kompyuta nzima. Ichomolewe.

Kwa kuzingatia hayo yote, familia yenye bajeti ya kubana itapata thamani zaidi katika kompyuta za kazi zilizotumika maofisini, kama vile Dell Precision, HP ZBook au Lenovo ThinkPad za jamii ya P, za kizazi cha nane na kuendelea, kuliko katika kompyuta mpya ya bei ileile. Ni nzito begani na hazipendezi. Lakini ziliundwa kufunguliwa na kutengenezwa, nyingi zina kadi ya michoro, na vipuri vyake hupatikana. Kabla ya kulipa, mnunuzi aipime betri: amri ya powercfg /batteryreport katika Windows hutoa taarifa inayolinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uliobaki. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, bei ya betri mpya ipunguzwe kwenye bei ya mashine.

Wanaoshawishika na kompyuta za Apple wajue kwamba Revit na 3ds Max hazikutengenezwa kwa ajili yake, na tangu mwaka 2020 kampuni hiyo ilipoanza kutumia prosesa zake yenyewe, njia yake ya zamani ya kuweka Windows kando haipo tena katika mashine hizo. Kwa usanifu michoro zinafaa sana, na umeme hazili. Kwa usanifu majengo ni kujitafutia taabu.

Programu zenyewe hazihitaji kuibwa. Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa matumizi ya bure ya mwaka mmoja, yanayoweza kuhuishwa, na Blender, Inkscape na Krita ni bure kwa kila mtu. Nakala zilizovunjwa zinazogawiwa kwa flashi ndizo huleta virusi vinavyofuta kazi ya muhula mzima. Ila programu za Autodesk hudai kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila siku 30, jambo la kukumbuka kwa anayekwenda likizo ndefu mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha.

Risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa vidaiwe siku ya kununua, vikitaja namba ya mashine. Waranti ya maneno ya duka la Kariakoo haimsaidii mtu aliyeko Kibondo, na hata iliyoandikwa humlazimu kuirudisha mashine kwa basi kwa gharama zake. Ndiyo maana ni afadhali kompyuta inunuliwe wiki za mwanzo za muhula, ikiwa mwanafunzi yuko jirani na duka, na atumie siku za waranti kuibana kwa kazi nzito ili kasoro zijitokeze mapema.

Wala hakuna haja ya kukimbilia kununua kabla ya kuripoti. Katika usanifu majengo, masomo ya mwanzo kwa kawaida huanza na penseli, karatasi na ubao wa kuchorea, na vyuo vina maabara za kompyuta. Muhula mmoja wa kusubiri humpa mzazi nafasi ya kuuza mazao kwa bei nzuri, na humpa mwanafunzi nafasi ya kuona ni mashine zipi wenzake wa mwaka wa tatu wamebaki nazo.