Valvu ya Akiba: Uamuzi Unaotangulia Upasuaji wa Moyo

Valvu ya mitrali, ambayo hukaa kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo na kuizuia damu isirudi ilikotoka, ndiyo inayoharibiwa zaidi na homa ya rumatiki, yaani maradhi yanayoweza kumpata mtoto baada ya maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka yasiyotibiwa. Kwa kuwa kovu lake hukomaa polepole, wapo Waafrika Mashariki walioumwa koo utotoni nyumbani ambao hugunduliwa ugonjwa huo ughaibuni, pengine katika ujauzito, wakati moyo unapolazimika kusukuma damu nyingi zaidi.

Inapowezekana, daktari wa upasuaji hupenda kuikarabati valvu ya mgonjwa mwenyewe, lakini kovu la rumatiki huikunja na kuikakamaza, na uharibifu hudhihirika kikamilifu pale tu moyo unapokuwa umesimamishwa, huku damu ikizungushwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Ukarabati ukishindikana hapo, huwekwa valvu bandia, ama ya kimekanika ama ya tishu ya mnyama, na mgonjwa aliye katika usingizi wa dawa hawezi kuulizwa lolote. Kwa hiyo chaguo la akiba, ambalo ni rahisi mno kulitaja kwa sentensi moja na kulipita, linastahili kujadiliwa kwa kina kabla ya fomu ya ridhaa kutiwa saini.

Valvu za kimekanika, zilizoanza kuwafaa wagonjwa mwaka 1960 kwa kazi ya daktari Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards nchini Marekani, siku hizi hutengenezwa kwa kaboni ngumu na zinaweza kudumu maisha yote, ila humfunga mgonjwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pamoja na kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa valvu ya mitrali kwa kawaida hulengwa kati ya 2.5 na 3.5. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki havikatazwi, bali huliwa kwa kiasi kisichobadilika sana, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kwa mwanamke anayetarajia kuzaa jambo ni zito zaidi, kwa sababu warfarini humfikia mtoto tumboni na inaweza kumlemaza, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo.

Valvu ya tishu ya mnyama kwa kawaida haihitaji warfarini ya maisha, lakini huchakaa, na kwa vijana huchakaa mapema zaidi, hivyo anayeichagua hukubali uwezekano wa kurudi chumba cha upasuaji. Muislamu ana haki ya kuuliza mapema kama tishu hiyo ni ya nguruwe au ya ng'ombe, kwani zote mbili hutumika.

Meno nayo hukaguliwa na kutibiwa kabla ya upasuaji, maana bakteria wa jino bovu huweza kuingia katika damu na kuishambulia valvu mpya. Mwenye nia ya kurejea nyumbani anapaswa kumweleza daktari wake mapema, ili ijulikane kabla ya valvu kuchaguliwa kama huko aendako INR itapimwa kila inapohitajika na warfarini itapatikana bila kukatika.