Shati la kupulizia dawa lisifuliwe na nepi za mtoto

NI jioni Mtowisa, katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Baba anarudi kutoka kwenye mahindi, bomba la kupulizia dawa likiwa mgongoni na shati lake la kaki limelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Kabla hajatua mzigo, mtoto wa miaka miwili anamkimbilia na kumkumbatia. Baadaye shati hilo linatiwa kwenye beseni moja na nepi za mdogo wake.

Kwa familia za wakulima, hilo ni jambo la kawaida. Lakini ndivyo sumu ya shambani inavyoingia nyumbani bila mtu kuiona.

Shati lenyewe halina kosa. Wakati wakazi wa Sumbawanga mjini huvaa makoti Juni na Julai, huku bondeni joto ni kali zaidi, na anayeshinda juani anahitaji shati imara la pamba la mikono mirefu. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa, ilhali poliesta na nailoni hushika joto. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kama kaki, hupunguza mionzi ya jua na mikwaruzo ya majani. Kwa mwenye ualbino, shati la aina hiyo pamoja na kofia pana ni sehemu ya kinga dhidi ya saratani ya ngozi.

Pamba si ngeni Ufipa na bondeni. Katika karne ya 19, wenyeji walisokota nyuzi na kufuma nguo zao wenyewe. Leo mashati mengi ya kazi ni ya mitumba, na mnunuzi hutegemea macho na vidole vyake.

Kulitambua shati imara

Lebo ikiwa imetoka, chukua uzi mmoja kwenye pindo uuchome mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, lakini poliesta huyeyuka na kuganda kama tone gumu. Kagua mabega na makwapa. Mshono uwe wa mara mbili. Kama shati ni jipya, chukua lililozidi kidogo, kwa kuwa pamba hurudi baada ya kufuliwa.

Pamba hunyonya na dawa pia

Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, wakulima wengi wa mahindi wamelazimika kupulizia viuatilifu. Hapo ndipo sifa ya pamba inapogeuka kuwa hatari. Shati likilowa dawa, huishikilia juu ya ngozi kwa saa nyingi, na ngozi yenye joto na jasho huipitisha dawa kwa urahisi.

Kwa hiyo shati la kupulizia liwe la kazi hiyo tu, lisivaliwe mnadani wala kanisani. Si lazima kununua jipya. Lile lililochakaa kwa matembezi linafaa, mradi halijatoboka. Bomba likivuja, lirekebishwe kwanza. Glavu, buti na vifaa vingine vilivyoandikwa kwenye lebo ya dawa navyo vivaliwe, kwa sababu shati pekee halitoshi.

Baada ya kazi, livuliwe nje na kuwekwa kwenye ndoo yake. Anayelifua avae glavu, alisuuze kwanza, kisha alifue kwa sabuni na maji ya moto, na maji hayo yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Ndoo isafishwe, shati lianikwe juani mbali na nguo za watoto. Likilowa dawa ambayo haijachanganywa na maji, lisifuliwe, litupwe mahali ambapo mtu mwingine hataliokota.

Mtu akipata kizunguzungu, kichefuchefu, ukungu wa macho au kubanwa kifua baada ya kupulizia, avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na kupelekwa haraka kituo cha afya. Anayempeleka abebe lebo ya dawa, imsaidie mganga kujua sumu iliyotumika.

Na mtoto atakayemkimbilia baba asubiri kidogo. Baba aoge, avae shati safi, ndipo ampakate.