Nyekundu ya Look si Nyekundu ya Shimano: Goti na Pedali za Kunasa

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, wengi wetu tunaoishi Ulaya tuliyafuatilia kama jambo la nyumbani. Baadhi ya ndugu na rafiki zangu walikwenda mbali zaidi: wakanunua baiskeli ya mbio, viatu vya soli ngumu na zile pedali zinazonasa kiatu. Siku hizi wakinipigia simu kuhusu baiskeli, swali ni lilelile. Goti linauma, ninunue pedali gani?

Huwa naanza kujibu kwa habari za Ufaransa, maana pedali hizi zimefika hapa zilipo kwa sababu ya magoti ya watu.

Hadi miaka ya 1980, mwendesha baiskeli wa mashindano alifunga mguu kwa kikapu kidogo cha chuma mbele ya vidole na mkanda wa ngozi juu ya kiatu. Chini ya soli kulikuwa na kibao chenye mfereji uliokaa juu ya ukingo wa pedali. Mkanda ukikazwa, mguu haugeuki. Ili kuutoa ilibidi uiname, uulegeze kwa mkono, halafu uvute mguu nyuma. Ukianguka kabla ya hapo, unaanguka pamoja na baiskeli.

Mwendesha baiskeli Mfaransa Bernard Hinault alikulia katika mfumo huo. Mwaka 1980 aliingia mji wa Pau akiwa amevaa jezi ya njano ya Tour de France, na usiku huo akajiondoa mashindanoni kwa sababu ya goti. Mwaka 1983 goti lilimsumbua tena, akafanyiwa upasuaji na kuikosa Tour ya mwaka huo, ambayo ilichukuliwa na Laurent Fignon. Wakati huohuo mfanyabiashara Bernard Tapie alikuwa amenunua Look, kampuni ya mji wa Nevers iliyojulikana kwa vifungo vya viatu vya kutelezea kwenye theluji. Kazi ya kifungo cha namna hiyo ni kuushika mguu kwa nguvu, kisha kuuachia unapojipinda kabla mfupa haujavunjika. Look wakaihamishia akili hiyo kwenye baiskeli. Mwaka 1984 pedali yao ikatoka, na 1985 Hinault, akiwa katika timu ya Tapie ya La Vie Claire, akashinda Tour de France akiitumia.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba magoti yalipona tangu siku hiyo. Hayakupona. Pedali za mwanzo za Look zilimwachia mtu anapoanguka, na hilo lilikuwa jambo kubwa, lakini wakati wa kukanyaga zilimshika kisawasawa. Kliti, yaani kile kipande cha plastiki kinachofungwa chini ya kiatu, ilikaa bila kusogea. Ukiikosea kidogo tu pembeni wakati wa kuifunga, kosa hilo unalikanyagia maelfu ya mara.

Hapa ndipo pa kuelewa vizuri, na ndipo maduka mengi yanapopita haraka. Goti si bawaba ya mlango. Likikunjuka na kukunjika, mfupa wa muundi nao hujizungusha kidogo chini ya mfupa wa paja, na kiasi cha kujizungusha hutofautiana baina ya watu, hata baina ya mguu wako wa kulia na wa kushoto. Ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, kila goti linakunjika mara 5,400 kwa saa. Wayo ukiwa umegandishwa, mzunguko ule mdogo hauna pa kwenda isipokuwa kwenye goti lenyewe: kano za ndani, kano za nje, na pia ya goti inayovutwa upande.

Dawa yake ni mchezo, kama mafundi wanavyosema kitu kina mchezo: kisigino kiweze kusogea ndani na nje kidogo huku kiatu bado kimenaswa. Jean Beyl, mhandisi aliyeianzisha Look tangu enzi za theluji, ndiye aliyelichukua jambo hili kwa uzito. Alitoka kwenye kampuni yake, na mwaka 1987 zikaja pedali za Time, zilizobuniwa tangu mwanzo zikiwa na mchezo. Mwaka uliofuata Pedro Delgado alishinda Tour de France akizitumia. Huko San Diego, Marekani, Richard Bryne alikwenda mbali zaidi na Speedplay zake za duara, ambazo aina moja iliruhusu mguu kucheza hadi nyuzi 28. Kampuni nyingine zikalazimika kufuata. Kwa hiyo mchezo unaoukuta leo karibu kwenye kila pedali ya barabarani ulitokana na malalamiko ya magoti, na mtu mwenye goti bovu ana haki ya kuuliza habari zake kabla ya bei, uzito na jina.

Sasa tahadhari ambayo ningependa kila mtu aikariri kabla ya kuagiza. Kliti huuzwa kwa rangi, na rangi hazina maana moja kwa kampuni zote. Kwa Look Keo, nyeusi haina mchezo, ya kijivu ina nyuzi 4.5, na nyekundu ina nyuzi 9, yaani ndiyo yenye mchezo mwingi kuliko zote. Kwa Shimano SPD-SL mambo yamegeuzwa: nyekundu haina mchezo kabisa, ya buluu ina nyuzi 2, ya njano ina nyuzi 6. Mtu akikuambia “chukua nyekundu, ni nzuri kwa goti” huku wewe una pedali za Shimano, umenunua ugonjwa. Ukinunua pedali kuukuu mtandaoni, jambo ambalo huku ni rahisi na la busara, usikubali kliti za muuzaji kabla ya kuziona rangi.

Ningekuwa mimi, kwa goti linalouma upande wa ndani au wa nje, ningeanza na Look nyekundu au Shimano ya njano, kwa kuwa zinapatikana kila duka na hazina gharama kubwa. Zisipotosha ndipo ningefikiria Speedplay Zero, ambazo tangu 2019 ziko chini ya Wahoo. Hizo unaweza kuzirekebisha kwa skrubu ndogo, kuanzia kutocheza kabisa hadi nyuzi 15, na huuzwa zenye ekseli za urefu tofauti. Ekseli ni muhimu kwa mtu ambaye vidole vyake kiasili vinatazama nje, au mwenye nyonga pana: akisogezwa mbali kidogo na baiskeli, goti hushuka wima badala ya kuingia ndani. Ubaya wake ni kwamba kliti zikiwa mpya huwa ngumu kunasua, na hazipendi tope.

Tena mchezo mwingi si lazima uwe bora. Wapo ambao mguu ukicheza sana, misuli ya paja na nyonga huchoka kwa kuushikilia, na maumivu yanarudi kwa mlango mwingine. Kipimo ni hiki: ukiwa unakanyaga kwa nguvu kwenye mlima, usihisi kisigino kinagonga mwisho wa mchezo upande wowote. Kikigonga, legeza kliti uigeuze kidogo. Ili kujua pa kuanzia, kaa kwenye ukingo wa meza miguu ikining’inia, utazame vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Usivilazimishe kutazama mbele eti kwa sababu waendeshaji wa kwenye runinga wanaonekana hivyo.

Kuna pia suala la kunasua. Kutoka kwenye pedali unapinda kisigino nje, na huko ni kulisokota goti. Anayeendesha London au Amsterdam, penye taa nyekundu kila baada ya kona, hufanya hivyo mara nyingi kwa safari moja. Look za kawaida na Shimano zina skrubu ya kupunguza ukali wa springi. Ilegeze hadi mwisho kwanza. Na hakuna aibu kutumia pedali za baiskeli za milimani, SPD, kwenye baiskeli ya barabarani. Kliti yake ya SH56 huachia mguu kwa pande zaidi ya moja, na unaweza kutembea dukani bila kuteleza.

Lakini kabla hujatoa hela, uliza maumivu yako wapi hasa. Yakiwa mbele, kwenye pia ya goti, mara nyingi siti iko chini mno au unakanyaga gia nzito mno. Yakiwa nyuma ya goti, siti huwa juu mno au nyuma mno. Pedali haiwezi kutibu siti. Pembeni ndipo kliti inaposhukiwa kwanza. Goti linalovimba, linalokwama likikunjwa, au linalouma hata usiku ukiwa umelala ni la daktari, si la duka la baiskeli, na kwa bahati nzuri wengi wetu huku tuna bima ya kumwona mtaalamu wa viungo.

Ukianza marekebisho, chora mstari kwa kalamu ya wino kuzunguka kliti kabla ya kulegeza boliti, ili uweze kurudi ulikotoka. Badilisha kitu kimoja tu, uende safari fupi, usubiri kesho yake uone goti linasemaje. Na kagua kliti zenyewe: plastiki iliyolika hucheza ovyo, tofauti kabisa na mchezo ulioununua, na jozi mpya ni ya bei ndogo kuliko pedali mpya.