Kiendeshi-tufe na Udhibiti wa Mwelekeo wa Setilaiti
Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilikusudiwa kutafuta vyanzo vya eksirei angani, na ili kuikagua anga ilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 12. Kwa ukaguzi wa namna hiyo mwendo huo ulitosha. Setilaiti ya kupiga picha za ardhi, kama Taifa-1 ya Kenya iliyorushwa mwaka 2023, haina budi kugeuka katika mihimili yote mitatu, ilhali angani hakuna kitu cha kujisukumia.

Suluhisho la kawaida ni magurudumu ya mwitiko. Mota ikizungusha gurudumu upande mmoja, chombo hugeukia upande wa pili, kwa kuwa jumla ya momenta ya mzunguko haibadiliki. Mihimili mitatu hudai magurudumu matatu, na la nne huwa la akiba. Akiba hiyo nayo huweza kwisha: darubini ya Kepler ya Marekani ilipoteza gurudumu moja Julai 2012 na jingine Mei 2013, ikashindwa kuendelea na kazi yake ya awali.

Kiendeshi-tufe ni mota ambayo sehemu yake inayozunguka ni tufe. Stata zilizopangwa kando yake huzalisha uga wa sumaku unaosafiri. Uga huo huamsha mikondo ya umeme katika ganda la shaba, na tufe huvutwa kuelekea upande wowote unaotakiwa. Ardhini kanuni hii imekwisha kuthibitishwa. Roboti SIMbot, iliyobuniwa na Ralph Hollis wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Masaaki Kumagai wa Chuo Kikuu cha Tohoku Gakuin, ilioneshwa mwaka 2016 ikisimama na kutembea juu ya tufe moja la chuma lililovikwa shaba, likiendeshwa na stata sita.

Ndani ya chombo cha angani tufe hukusudiwa kuelea katika uga wa sumaku. Beringi, zinazochakaa, hazihitajiki. Faida nyingine hudhihirika kwa hesabu. Ganda jembamba lenye masi m na nusukipenyo r lina inesha ya 2/3 mr² kwenye kila mhimili. Masi hiyohiyo ikigawanywa katika magurudumu matatu ya umbo la pete, yenye nusukipenyo hichohicho, kila mhimili hupata 1/3 mr² tu. (Tufe lililojaa lina 2/5 mr², hivyo unene wa ganda si jambo dogo.) Kwa inesha iliyo sawa, basi, ganda huhitaji nusu ya masi ya magurudumu.

Lakini magurudumu manne yakipoteza moja, matatu hubaki. Tufe likikwama, mihimili yote hupotea kwa pamoja. Kulinganisha tufe moja na magurudumu manne si haki. Likiongezwa tufe la akiba, nafuu ya masi hushuka kutoka nusu hadi robo, kabla stata za matufe yote mawili hazijawekwa kwenye mizani.