Kongo: Pengo la wasichana katika uhandisi linaanza mwaka wa nane, si chuo kikuu

Goma, Bukavu, Bunia ama Lubumbashi, hali ni moja: kwenye masomo ya umeme, ujenzi na mekanika, wasichana bado ni wachache kuliko wavulana. Watu wengi wanalaumu chuo kikuu. Lakini nchini Kongo uamuzi huo unakuwa umeshachukuliwa zamani, msichana akiwa na miaka 14 hivi, anapomaliza mwaka wa nane wa elimu ya msingi na kuchagua opsio ya sekondari.

Kwenye mwaka huo wa nane, wanafunzi wanafanya mtihani wa TENASOSP, ambao kazi yake ni kuwaelekeza kwenye opsio inayowafaa. Kisha inabaki miaka minne hadi mtihani wa serikali. Mwanafunzi anayeingia hesabu-fizikia, umeme, elektroniki ama ujenzi anakaa miaka hiyo yote na hesabu ngumu, michoro na atelie. Anayeingia ualimu, ushonaji ama biashara anasoma mambo mengine. Wote wawili watapata diploma ya serikali. Lakini siku watakapokaa pamoja darasa la kwanza la politeknike, mbele ya hesabu na fizikia, mmoja atakuwa anaendelea na mwingine atakuwa anaanza. Wengi wa hao wanaoanza wanaacha, kisha watu wanasema: «Mnaona, hesabu si ya wanawake.»

Kwa nini msichana mwenye pointi nzuri za hesabu haendi umeme? Sababu zinajulikana katika kila mtaa. Wazazi wanaogopa aolewe mapema na pesa ipotee. Minervali ikikosekana, mara nyingi ni ya mvulana inayotafutwa kwanza. Msichana akirudi nyumbani anaenda kuchota maji, kupika na kulea wadogo zake, na kaka yake anafungua daftari. Kwenye atelie anaweza kujikuta peke yake kati ya wavulana 30, bila mwalimu mwanamke, bila choo cha wasichana. Na wakati wa staje, kwenye garaji ama shantie, anapewa ufagio badala ya kupewa kifaa.

Vita navyo vimezidisha mzigo. Huko Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri, mashule mengi yamefungwa ama yamegeuka makao ya wakimbizi. Jamaa iliyopoteza shamba na biashara inapolazimika kuchagua mtoto mmoja wa kurudisha shuleni, msichana ndiye anayengoja.

Mambo haya yana historia. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, wasichana waliofika shuleni walifundishwa zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, lakini ni mwaka 1964 tu ndipo Sophie Kanza alipopata diploma hapo, mwanamke wa kwanza Mkongo kumaliza chuo kikuu. Alisomea sosholojia. Miaka miwili baadaye akawa waziri wa kwanza mwanamke nchini. Na hadi mwaka 2016, sheria ya familia ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kusaini mkataba. Mzazi aliyelea binti chini ya sheria hiyo alijua kwamba hata diploma ya uhandisi haitoshi kumpa kazi kama mume anakataa.

Kuna wanaosema pengo hili ni la maumbile. Takwimu zinawakatalia. Ripoti ya UNESCO kuhusu sayansi ya mwaka 2021 inaonyesha kwamba duniani wanawake ni asilimia 28 tu ya wanaomaliza masomo ya uhandisi. Ila nchini Algeria wanafika asilimia 48.5, Tunisia 44.2 na Moroko 42.2. Ufaransa, nchi tajiri kuliko hizo, iko kwenye 26.1, na Marekani 20.4. Kama maumbile ndiyo yangekuwa sababu, hesabu ingefanana kila mahali. Na kama ni utajiri peke yake, Ufaransa ingeipita Algeria.

Kongo yenyewe ina mifano. Thérèse Izay Kirongozi, mhandisi, ndiye mwanzilishi wa kundi lililotengeneza roboti za kuongoza magari zilizosimikwa kwenye njia panda za Kinshasa kuanzia mwaka 2013, zikitumia nguvu za jua. Raïssa Malu, mtaalamu wa fizikia, alianzisha wiki ya sayansi na teknolojia mjini Kinshasa na tangu mwaka 2024 ndiye waziri wa elimu. Sandrine Mubenga aligonjwa sana akiwa na miaka 17, na hospitali haikuwa na umeme wa kumpasulia. Alipona, akasomea uhandisi wa umeme, akawa profesa kwenye Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani. Mwaka 2020 aliteuliwa kuongoza mamlaka inayosimamia sekta ya umeme nchini Kongo.

Habari ya Mubenga inaonyesha kwa nini jambo hili halihusu wasichana peke yao. Maji yakikatika mtaani, ni wanawake na wasichana wanaoamka saa kumi ya usiku na bidoni kichwani. Umeme ukikosekana kwenye hospitali, mama anayejifungua anamulikiwa na tochi ya simu. Lakini pale bomba linapochorwa na pale waya unapopangiwa njia, wao hawapo. Mashariki ina mabwawa ya Ruzizi na la Matebe, ina barabara na madaraja ya kujenga upya. Nchi inayolalamika kwamba haina wahandisi wa kutosha inaacha nusu ya watoto wake nje ya mlango.

Sheria ipo. Katiba ya mwaka 2006, kwenye kifungu cha 14, inadai usawa kati ya wanawake na wanaume, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ilikuja kuutekeleza. Elimu ya msingi ya umma ni ya bure tangu mwaka 2019. Lakini opsio za ufundi ziko sekondari, na huko mzazi bado analipa.

Kwa hiyo kazi ya haraka iko mwaka wa nane. Shule inaweza kuita wazazi wa kila msichana mwenye pointi nzuri za hesabu kabla opsio haijaandikwa kwenye karatasi. Shule ya ufundi inaweza kupokea wasichana watano pamoja badala ya mmoja, kwa sababu mmoja anachoka haraka. Choo chenye kufuli, mwalimu mwanamke kwenye atelie, na patroni wa staje anayejua kwamba msichana amekuja kujifunza kazi, si kufagia: hayo hayangoji bajeti kubwa ya Kinshasa.

Na nyumbani, bidoni ya jioni inaweza kubebwa na kaka pia. Saa moja ya hesabu kila siku, kwa miaka miwili kabla ya TENASOSP, inatosha kubadilisha opsio ambayo msichana ataandika.